Sista wa Duka la Dawa na Kichwa cha Lusajo

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri. Nina uhakika na saa kwa sababu kengele yetu hupigwa saa tisa na nusu na mimi hutembea robo saa kufika nyumbani. Bibi alikuwa amempakata mdogo wangu Lusajo mlangoni. Mama alikuwa Kiwira na ndizi zake. Nikamchukua mtoto nimwogeshe, nikafungua mkanda wa helmeti yake, ikatoka, lakini kofia ya sufu iliyokuwa chini yake haikutoka. Ilikuwa imeganda. Nilipoivuta taratibu akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akikilia, na nyuma ya sikio la kushoto nikaona ngozi imebanduka, pekundu, panatoa maji. Harufu iliyotoka pale sitaisahau, ilikuwa kama ya nguo zilizolowa zikaachwa kwenye beseni siku tatu.

Nikambeba mbio hadi duka la dawa baridi la barabarani. Kuanzia saa ile nilimchukia Sista kwa sababu. Kabla ya hapo nilikuwa namchukia bure tu.

Jina lake nalijua ila siliandiki. Mtaani kwetu wote humwita Sista, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa alikuwa nesi wa wodi miaka mingi kabla serikali haijapunguza watu kazini. Alipopunguzwa alifungua duka, kama wengi walivyofungua vitu miaka hii ambayo kila mtu ameruhusiwa kuuza. Sijui alizaliwa wapi, na wala sitaki kujua. Ninachokiandika hapa ni kile nilichokiona mwenyewe, na mengine aliyotusimulia Mzee Idi, anayeuza vitenge mlango wa pili.

Siku ile dukani kulikuwa na watu watano. Sista hakungoja shikamoo yangu wala hakuipokea. Alimtazama Lusajo, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Mmemfanya nini huyu?"

Nikasema hatujamfanya kitu.

"Chini ya helmeti mliweka nini?"

Nikamhamishia Lusajo bega la pili.

"Nakuuliza wewe msomi. Mliweka nini?"

"Kofia."

"Ya nini?"

"Ya sufu."

"Na chini ya kofia?"

"Mafuta," nikasema. "Na poda."

Mama mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Ee, mchimba makaa wetu ameungua." Hilo ndilo jina walilompa Lusajo mtaani tangu aanze kuvaa helmeti, kwa sababu ya wale wa mgodini Kiwira. Watu wakacheka. Sista hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Nieleze hiyo helmeti. Lusajo alizaliwa kabla ya siku zake, shingo yake ikawa ngumu upande mmoja, akawa analalia palepale kila siku mpaka kichwa kikabonyea nyuma upande wa kulia, na paji la upande huohuo likatokeza mbele. Ukimtazama kutoka juu unaona kichwa kimekaa upogo. Ndugu za baba walisema maneno. Mama hakuwajibu, lakini alipata habari kwamba hospitali ya misheni kuna daktari mgeni na fundi anayetengeneza miguu ya bandia, akampeleka. Wakamfunika mtoto kichwa kwa plasta nyeupe, wakapata umbo lake, wakamtengenezea helmeti ya plastiki yenye sponji ndani. Haibani kichwa, inakiachia nafasi pale palipobonyea ili kikikua kijaze. Daktari alisema avae usiku na mchana, avuliwe saa moja tu kwa siku kwa kuoga, mpaka afikishe mwaka. Baada ya mwaka fuvu linakaza na helmeti haisaidii sana. Na akasema yeye anaondoka baada ya Pasaka, kwa hiyo ni helmeti hii tu, hakutakuwa na mtu wa kupima nyingine. Siku zote ambazo mtoto hakuivaa kwa sababu ya vidonda zilikuwa zimepotea, hazirudi. Mama alitaka kitu kimoja tu, mwanawe aende shule bila kuitwa jina la kichwa chake.

Sasa kosa letu. Tukuyu mvua hainyamazi, na hakuna mama wa Rungwe anayetoa mtoto mchanga nje bila kofia ya kufuma. Ni kama kumtoa uchi. Helmeti ilipokuja, Bibi aliigusa akasema plastiki haina joto, "utosi utaingia balidi." Bibi ni wa Isongole na Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani. Basi akampaka Lusajo mafuta ya mgando kichwa kizima, akamnyunyizia poda, akamvalisha kofia ya sufu, halafu helmeti juu yake, na sweta tatu mwilini. Kila aliyemwona akasema mtoto ametunzwa.

Nami nilijua. Hili ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijamsema Sista. Daktari alitupa karatasi ya Kiingereza na mimi ndiye niliyeitafsiri, kwa mkono wangu, kwenye daftari la jiografia: chini ya helmeti pasiwe na kitu chochote, si kofia, si mafuta, si poda. Nilimsomea Mama. Bibi alipoleta kofia, Mama alinitazama kama anangoja niseme, nikaangalia chini. Siwezi kumwambia Bibi hapana. Hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono.

Sista aliniambia nikalete hilo daftari. Nikalileta. Akalisoma mbele ya wale watu watano, kimyakimya kwanza, halafu kwa sauti.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Kwa hiyo ulijua, ukakaa kimya, ukamwacha mtoto aoze kichwa kwa ajili ya haya zako."

Alisema kweli. Lakini mtu anaweza kusema kweli ndani, mlango umefungwa. Yeye ukweli wake lazima uwe na watazamaji.

*

Sauti yake ndiyo kitu cha kwanza. Sijawahi kumsikia akinong'ona. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilitumwa na mwili wangu mwenyewe kwenda kununua pamba. Nilizunguka nje ya duka mpaka watu wakaisha, nikaingia, nikasema polepole. "Sema vizuri, sisikii." Nikarudia. "Pamba ya kidonda au ya mwezi?" Mvulana wa darasa letu alikuwa ameshafika mlangoni kununua wembe. Shuleni waliniita Pamba muhula mzima. Nilipopita dukani wiki iliyofuata akaniuliza kama ilitosha.

Mzee Idi humtania. "Sista, leo umeshamfukuza nani?" Naye hujibu, "Bado wewe." Kwa Mzee Idi tu ndiko hupokea mzaha. Mara moja Mzee Idi alimwambia, "Ungekuwa na ulimi mtamu ungekuwa na duka la pili." Akasema, "Ningekuwa na ulimi mtamu ningekuwa na wateja wafu."

Ana benchi moja dukani na juu yake huweka ndoo ya maji, ili mtu asikae. Mjamzito akija ndoo huondolewa, bila neno. Akitoka hurudishwa.

*

Kuhusu mikono yake sina la kubisha, hilo inabidi niandike ingawa sipendi. Mikono mikubwa, kucha fupi, mikavu. Alipomshika Lusajo siku ile ya kwanza, mtoto alinyamaza. Mimi nilikuwa nimembembeleza njia nzima na hakunyamaza. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya mtoto, kwa sababu tulikuwa tunatumia ya mche, ileile ya kufulia. Akasuuza mara tatu. Hakusugua. Alikausha kwa kugusagusa na kipande cha kanga kilichochakaa, akaanza na mikunjo ya nyuma ya masikio na shingoni, akasema, "Kauka kwanza." Hiyo ndiyo kauli yake kwa kila kitu. Ukiingia dukani umelowa mvua, kauka kwanza. Mtoto ana upele, kauka kwanza. Mama alipolia siku iliyofuata kwa ajili ya kidonda kile, Sista alimtazama akamwambia, "Kauka kwanza, Mama Tupo, halafu tuongee." Tupo ni mimi. Mama anamheshimu mpaka leo kwa hilo. Mimi ningempiga.

Helmeti iliondolewa mpaka ngozi ifunge. Siku tano. Kila siku Mama alizihesabu kama mtu anayetolewa damu. Siku ya sita Sista akatuanzishia upya kama siku ya kwanza kabisa, saa moja kavaa, saa moja kavua, kesho yake saa mbili, tukipanda hivyo mpaka siku nzima. Na mimi nikapewa kazi. Kila siku nikitoka shule nimlete Lusajo dukani saa kumi, siku za kazi zote, nimvue mbele yake. Aliniambia hivi, na ninaandika kama alivyosema:

"Ukimvua utaona wekundu. Usishituke kama bibi yako. Wekundu wa kukaliwa hupotea. Weka saa. Ukipotea ndani ya saa moja, mvalishe. Usipopotea, hapo helmeti inambana, na hiyo si kazi ya sabuni, ni kazi ya fundi. Na kama ni vipele vidogo na shingo imelowa, hiyo ni harara, jasho, mpunguzieni sweta. Sikia tena. Wekundu wa jasho umetawanyika. Wekundu wa kubanwa una umbo. Rudia."

Nikarudia. Alinirudisha mara nne, kwa sababu sauti yangu haikusikika.

Na helmeti yenyewe. Kila siku ifutwe ndani kwa spiriti, iachwe wazi ikauke, na usiivalishe mpaka ukiingiza pua usisikie harufu ya spiriti. Siku moja niliharakisha, nilikuwa na hesabu za kufanya. Akachukua helmeti, akanusa, akaniambia niinuse. Halafu akatia tone la spiriti kwenye mkwaruzo niliokuwa nao kidoleni. "Sasa fikiria ni kichwa." Sikulia mbele yake. Nililia nyuma ya duka la Mzee Idi, na Mzee Idi akajifanya anapanga vitenge.

Alimvua Lusajo sweta mbili kati ya tatu, na mtaa mzima ukatusema. Bibi alikasirika wiki nzima. "Mtoto ana balidi." Sista akaja mwenyewe nyumbani, kitu ambacho hafanyi, akaingiza vidole nyuma ya shingo ya Lusajo, akachukua mkono wa Bibi akauweka palepale. "Mama, hapa pana baridi au pana jasho?" Bibi akasema, "Jasho." "Ndaga, mama," Sista akasema, asante kwa Kinyakyusa, kwa adabu kabisa, akaondoka. Kwa wazee anaweza. Kwa hiyo si kwamba hajui.

*

Sasa kinachonikera zaidi. Ukutani kwake ana rafu tatu za vitu vilivyoanza kuja miaka hii, mafuta ya watoto ya rangi ya waridi, poda zenye picha za watoto wa kizungu, losheni za kutoka sijui wapi. Kina mama hutoka mpaka Nkunga kuvinunua. Wakiomba tu huuziwa. Wakikosea wakauliza kama ni nzuri, huwaambia, "Mbaya. Muoshe kwa maji." Hapo hukataa kuwauzia, na huwafukuza. Yaani asiyeuliza anaumia na anayeuliza anatukanwa.

Na chini ya kaunta ana krimu za kujichubua. Dada wa Form Four wa shule yetu alijipaka uso mpaka ukawa na mabaka. Nilimwuliza Sista, siku pekee niliyowahi kumwuliza kitu, kwa nini anauza. Alikuwa anakagua shingo ya Lusajo kwa jicho moja kama fundi saa. Akasema, "Yule ni mtu mzima, ana kioo. Huyu hana kioo." Kisha akaongeza, "Na wewe ukianza kujipaka nitakuchapa." Sikuona kwamba amejibu.

Na Lusajo anampenda. Hili linanichoma na sioni aibu kulisema, nadhani. Mimi ndiye ninayeamka, mimi ndiye ninayembeba, mimi ndiye niliyekosa mazoezi ya kwaya. Lakini tukikaribia lile duka huanza kurusha miguu mgongoni kwangu. Akimwona hucheka na meno yake mawili. Sista hamchekei. Humwambia, "Lete kichwa," na mtoto huinamisha kichwa kama mtu anayebarikiwa.

*

Jambo la hospitali ya misheni alitueleza Mzee Idi. Sista alipopunguzwa kazi serikalini alivaa sare yake nyeupe, akaipiga pasi, akatembea mpaka kule kuomba kazi. Akaambiwa asubiri kwenye benchi. Akasubiri asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyetoka kumwambia ndiyo wala hapana. Akarudi na mvua. Tangu siku hiyo hajawahi kuitaja kwa jina. Husema "kule chini." Mgonjwa akihitaji kwenda, Sista humwandikia karatasi ya kwenda wilayani au Mbeya mjini, hata kama kule chini ni karibu zaidi. Helmeti ya Lusajo ilitoka kule chini, na nadhani ndiyo maana siku ya kwanza aliishika kwa vidole viwili.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilimwonea huruma kama siku mbili hivi.

*

Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya ibada, nilimpeleka Lusajo nyumbani kwa Sista, nyuma ya duka, kwa kuwa Jumapili hafungui. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta ya kupikia ili utomvu usigande. Ni mara yangu ya kwanza kumwona amekaa. Akaonekana mdogo kuliko nilivyozoea, amevaa sweta la kiume lenye kiwiko kilichotoboka. Lusajo ana miezi tisa sasa. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kujaa kweli, hata ndugu za baba walinyamaza. Ilibaki miezi mitatu.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Leo siyo saa kumi."

"Kuna doa."

Akajifuta mikono, akanawa, akamvua. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na alama, nyekundu, ndefu kama haragwe lililolala. Nikamwambia ipo tangu Alhamisi; siku hiyo na Ijumaa alikuwa amefunga duka kwenda Mbeya kufuata dawa. Nikamwambia nimeweka saa, kila siku, na haipotei. Shingo kavu. Hakuna vipele. Akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akasubiri. Tulisubiri wote watatu. Kuku akaja akala maganda, hakumfukuza.

"Si jasho," akasema.

"Ndiyo."

"Inambana. Kichwa kimekua kikafika hapo."

"Basi tuandikie karatasi twende kwa fundi. Aipunguze ndani. Daktari bado yupo mpaka baada ya Pasaka."

Akarudi kwenye ndizi zake. Akamenya moja nzima. Nilidhani hajanisikia, kama kawaida yangu ya kusema polepole, nikarudia kwa sauti zaidi.

"Nimesikia. Kule chini mimi siandiki."

"Bila karatasi watatuambia tusubiri siku ya kliniki. Imepita. Nyingine ni mwezi ujao."

"Basi mvueni. Amevaa vya kutosha."

"Bado miezi mitatu, Sista."

"Kichwa ni kichwa. Kuna watu wana vichwa vya ajabu na ni wabunge." Akatupa ganda. "Ngozi yake nzima, anakula, analala. Mwambie mama yako nimesema avuliwe."

Nilimtazama. Nilikuwa nimesimama naye amekaa, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Nikamwambia, "Umesema mwenyewe hii si kazi ya sabuni, ni kazi ya fundi."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Umenirudisha mara nne nikariri, na nimekariri. Sasa hutaki kwa sababu walikukalisha kwenye benchi."

Kisu kikasimama kwenye ndizi. Nilifikiri atapaza sauti watu wa mtaa watoke, na safari hii sikujali. Hakupaza. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo sikujua kama anayo, "Chukua mtoto wako uondoke." Nikamchukua. Nilipofika kwenye uzio niligeuka. Alikuwa ameendelea kumenya, na alikuwa amekosea, alikuwa anamenya ndizi moja mpaka nyama yake inaisha.

Sikumwonea huruma. Naandika hivi kwa sababu watu wakisoma mambo ya namna hii hungoja mtu aonewe huruma mwishoni. Angeweza kuandika mistari miwili. Ana kalamu, ana karatasi, mwandiko wake ni mzuri. Alikuwa tayari mdogo wangu apoteze miezi mitatu na abaki upogo maisha yake yote, kuliko jina lake kusomwa na watu wa kule chini.

Jioni nilimwambia Mama. Mama alikaa na helmeti mapajani, anaigeuza. "Sista kasema avuliwe?"

"Kasema."

"Basi." Akaiweka juu ya kabati. Nyumbani kwetu neno la Sista limeshakuwa kama la daktari. Bibi akaenda kutafuta kofia ya sufu.

Kesho yake, Jumatatu, niliamka saa kumi na moja na nusu, Mama ameshatoka na ndizi zake, Bibi bado amelala. Nikavaa sare ya shule ili nisiulizwe. Nikaishusha helmeti kabatini, nikaifuta spiriti, nikainusa mpaka harufu ikaisha. Nikambeba Lusajo mgongoni, kichwa wazi, kanga moja juu, na pale njia inapogawanyika sikwenda shule ingawa kulikuwa na jaribio la biolojia. Nilitembea saa mbili kwenye tope mpaka hospitali. Kwenye karakana ya viungo vya bandia kulikuwa na foleni na mlinzi wa mlango aliniambia siku ya kliniki imepita, nikasubiri kwenye benchi. Nikajisikia nikianza kuangalia chini. Nikasimama. Nikapita watu, nikaingia, nikasema kwa sauti iliyowafanya wote wageuke, "Helmeti ya huyu mtoto inabana juu ya sikio la kushoto, inahitaji kupunguzwa leo."

Fundi alikuwa ameshika mguu wa plastiki. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikasema Kiwira. Akauliza nani kanituma. Nikasema sijatumwa. Akauliza sasa ninajuaje kama inabana, labda ni jasho tu, kina mama wote huja na jasho. Nikamwambia. Wekundu wa jasho umetawanyika, huu una umbo. Shingo kavu. Nimeweka saa siku nne, saa nzima kila siku, haupotei.

Aliweka mguu chini. Akamchukua Lusajo, akatazama, akabonyeza. Kisha akachora kwa kalamu ndani ya helmeti, akakwangua sponji kidogo kwa kisu, akapima, akakwangua tena. Akamvalisha. Tukakaa nje kwenye jua mimi na Lusajo, na saa moja baadaye fundi mwenyewe alikuja kumvua. Alama ilikuwa imefifia, na hakuna mpya. Akasema safi, avae hivyohivyo, nimlete tena kabla daktari hajaondoka.

Akawa anafunga mkanda, akaniuliza nani amenifundisha kuangalia ngozi namna ile, maana hata manesi wake hawaweki saa.

Nikamwambia hakuna mtu.